Orodha Inayojiandika Yenyewe



Mwezi wa Januari 2018 majeshi ya mataifa makubwa yalifedheheka bila ya risasi hata moja kufyatuliwa. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Strava, ambayo huwahesabia watu mwendo wao wanapokimbia au kuendesha baiskeli, ilikuwa imetoa hadharani, Novemba 2017, ramani ya dunia nzima. Ramani hiyo ilionyesha kwa mistari ya mwanga mahali ambapo wateja wa kampuni hufanyia mazoezi. Katika miji ya Ulaya na Amerika mwanga ulitapakaa kote, na hapakuwa na la ajabu. Lakini mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, alipoitazama kwa makini aliona kwamba katika majangwa ya Syria na nyanda za Afghanistan, ambako giza lilikuwa limetanda, vilikuwapo vistari vichache vinavyong'aa peke yake. Vistari hivyo vilikuwa ni nyayo za askari wa kigeni wanaokimbia asubuhi kuzunguka kambi zao. Umbo la kambi lilionekana, na njia wanazopita kila siku zilionekana.

Ramani hiyo haikuchorwa na jasusi. Hakuna adui aliyepanda mlima na darubini, wala msaliti aliyeuza siri kwa fedha. Waliochora ni askari wenyewe, kwa miguu yao wenyewe, wakiwa wamevaa mkononi vifaa vidogo vya kuhesabia mwendo. Kila mmoja alidhani anajipimia afya yake. Kwa pamoja, na bila ya kujua, waliandika orodha ya kambi zao na kuibandika ukutani mbele ya dunia.

Jambo hilo ndilo tunalotaka kulitafakari leo. Yako mengi yanayosemwa juu ya mitandao ya kijamii: kwamba inapoteza wakati wa vijana, kwamba inavunja nyumba, kwamba inaeneza uongo. Hayo yote yana ukweli wake. Lakini kwa mtu aliyekabidhiwa silaha na taifa, na hasa katika nchi kama yetu ya Burundi, jambo kubwa ni hili la orodha. Sisi na jirani zetu tumekwisha kujifunza, kwa gharama ya damu, maana ya jina la mtu kuandikwa mahali pasipostahili.

Tuanze na historia. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi uliwahesabu na kuwaandikisha wenyeji kwa ajili ya kodi na kazi za shokoa. Katika Rwanda neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa liliandikwa katika kitambulisho cha kila mtu mzima. Karani aliyeandika neno lile pengine hakuwa na nia ya kuua. Alikuwa akijaza nafasi iliyoachwa wazi katika karatasi. Ukoloni ukaondoka mwaka 1962, lakini neno lile likabaki katika vitambulisho vya Rwanda kwa miaka mingine zaidi ya 30, hadi mwaka 1994 lilipogeuka kuwa hukumu ya kifo katika vizuizi vya barabarani. Aliyesimamishwa hakuulizwa amefanya nini. Aliombwa kitambulisho.

Hapa kwetu tuna ya kwetu. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia kusini mwa nchi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua watu wengi, hasa Watutsi. Utawala wa Rais Michel Micombero ukajibu kwa mauaji ya Wahutu nchini kote, na kwanza kabisa wale waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, na askari waliokuwa ndani ya jeshi lenyewe. Wanahistoria wameandika jinsi orodha za majina zilivyotumika kuwatoa watu madarasani na maofisini. Waliouawa katika kipindi hicho, ambacho Warundi wanakiita ikiza, wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki katika Karusi, karibu na mto Ruvubu, mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalipatikana, pamoja na nguo, miwani na rozari. Waliotajwa kwa majina wakati wa kukamatwa, walifukuliwa bila ya majina.

Kisha ukaja mwaka 1993. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba, na vilima vikawaka moto. Watutsi wengi waliuawa na jirani zao, na Wahutu wengi wakauawa katika kulipiza kisasi. Safari hii karatasi haikuhitajika sana, maana jirani alimjua jirani. Lakini funzo ni lile lile: habari ndogo za kila siku, nani anakaa wapi, nani mtoto wa nani, nani anapita njia ipi jioni, huwa hazina ubaya wowote wakati wa amani, na huwa silaha mara tu amani inapovunjika.

Katika Rwanda silaha hiyo iliwekewa kipaza sauti. Gazeti la Kangura lilichapisha, mwezi wa Februari 1993, orodha ya watu 123 lililodai kuwa ni washirika wa adui. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka huo huo, ilitaja watu kwa majina yao, mahali wanapoishi, hata namba za magari yao. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa ajili ya kazi hiyo: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, na Hassan Ngeze wa Kangura. Rufani ya Novemba 2007 iliwapunguzia adhabu na kuwafutia baadhi ya makosa, lakini wote watatu walibaki na hatia. Kwa hiyo sheria ya dunia imekwisha kusema: aliyetangaza jina hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mkono wake haukushika panga.

Ndugu wasikilizaji, orodha zile za zamani zilikuwa na mipaka. Zilihitaji karani wa kuziandika, na kabati la kuzihifadhi. Karani aliweza kukataa. Kabati liliweza kuungua. Mtu aliweza kuhama kilima, akaanza maisha mapya mahali ambapo hakuna anayemjua. Orodha ya siku hizi haina karani. Inajiandika yenyewe, kwa mkono wa yule yule anayeandikwa.

Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004, na WhatsApp mwaka 2009. Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp kwa bei ya dola bilioni 19, ingawa kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi wachache mno na wateja wake walikuwa hawalipi karibu chochote. Mtu wa kawaida hujiuliza: fedha zote hizo zilinunua nini? Zilinunua watu. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, ambayo ndiyo mmiliki wa mitandao hiyo, ilipata mapato ya karibu dola bilioni 135, na karibu yote yalitokana na matangazo ya biashara. Mwenye bidhaa hulipia nafasi ya kumfikia mtu wa umri fulani, wa mahali fulani, mwenye kupenda jambo fulani. Ili nafasi hiyo iuzike ni lazima mtu huyo ajulikane, na ili ajulikane ni lazima azidi kuandika, kupiga picha na kubonyeza, asubuhi, mchana na usiku. Ndiyo sababu simu haimwachi mtu apumzike.

Na habari zikikusanywa kwa ajili ya kuuza sabuni, hazikatai kutumiwa kwa kazi nyingine. Mwezi wa Machi 2018 ilifichuka kwamba kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilikuwa imepata habari za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufika milioni 87, kwa ajili ya kazi za siasa. Wakuu wake walirekodiwa wakijisifu kwamba walikuwa na mkono katika kampeni za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2013 na 2017. Mkulima wa Nakuru au mchuuzi wa Mombasa aliyeweka picha ya mwanawe mtandaoni hakuwa na habari kwamba yuko sokoni.

Sisi wa Bujumbura tuliuona uwezo wa mitandao hii mwaka 2015. Tarehe 26 Aprili maandamano yalianza katika mitaa ya mji mkuu, na siku chache baadaye serikali ikazuia Facebook, WhatsApp, Twitter na Viber katika simu za mkononi. Wengi walitafuta njia za kuzunguka kizuizi hicho, wakazipata. Tarehe 13 Mei likatokea jaribio la kuipindua serikali. Mapigano yakafanyika kwenye kituo cha redio na televisheni ya taifa, na vituo vya redio vya binafsi vikachomwa au kuharibiwa. Tangu siku ile, mwananchi aliyetaka kujua kama barabara ya kwenda Musaga au Cibitoke inapitika, alitazama simu. Waandishi kadhaa waliopoteza studio zao walianza kutoa habari kwa njia ya mitandao, chini ya jina la SOS Médias Burundi.

Pamoja na habari za kweli, ulipita uongo. Januari 2016 televisheni ya Ufaransa, France 3, ilionyesha video ya ukatili ikidai kwamba imepigwa Burundi. Baadaye ikabainika kwamba haikupigwa Burundi kabisa. Ikiwa kituo kikubwa chenye wahariri wa kulipwa kilidanganyika, je, askari aliye lindoni usiku wa manane, mwenye woga na hasira, akipokea picha ya maiti yenye maneno kwamba huyu ni ndugu yako na muuaji wake yuko mtaa fulani, ataipima kwa kipimo gani? Swali hilo si la nadharia. Mtu huyo ana bunduki begani.

Jibu la kutisha lilitoka kwa jirani zetu wa Ethiopia. Wakati wa vita vya Tigray, mwezi wa Oktoba 2021, ukurasa mmoja wa Facebook ulichapisha jina na picha ya Meareg Amare, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, ukamtuhumu kuwa ni msaliti na kueleza anakokaa. Familia yake ilitoa malalamiko kwa kampuni ili maneno yale yaondolewe. Tarehe 3 Novemba 2021 watu wenye silaha walimfuata, wakampiga risasi nje ya nyumba yake. Desemba 2022 mwanawe na wenzake walifungua kesi dhidi ya kampuni ya Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi, na Aprili 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Mtu aliyeyasoma ya Kangura hawezi kushindwa kuitambua namna hii ya kuua: jina kwanza, nyumba baadaye, risasi mwisho.

Sasa tuwatazame askari wenyewe. Majeshi yetu yalikwenda Somalia mwezi wa Desemba 2007, yakakaa huko hadi mwisho wa mwaka 2024. Vijana wetu walikutana na adui ambaye hakupigana kwa bunduki peke yake. Oktoba 2011, baada ya mapigano ya Deynile, Al-Shabaab waliwaita wapiga picha na kuanika hadharani maiti kadhaa wakiwa na sare, na picha hizo zikazunguka dunia. Desemba mwaka huo huo kundi hilo likafungua ukurasa wake katika Twitter. Januari 2016, Al-Shabaab walipoishambulia kambi ya Wakenya ya El Adde, picha za askari walioanguka zilipita katika simu za raia wa Kenya. Yafaa kila mmoja wetu afikiri maana yake: mama mzazi kuarifiwa kifo cha mwanawe na simu ya jirani, kabla afisa hajabisha hodi. Aliyeisukuma mbele picha ile hakuwa adui. Alikuwa ni mwananchi mwenye huruma na kidole chepesi.

Adui hana haja ya kuiba anachopewa bure. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigiwa. Hata kama haikubeba, mlima ulio nyuma, nguzo ya umeme, au kibao cha duka humwambia mwenye macho mahali hapo ni wapi. Askari anayewaaga jamaa zake mtandaoni ametangaza safari ya kikosi. Anayeweka picha ya wenzake kumi kwenye gari ametoa hesabu ya kikosi. Mke anayeandika kwamba mume wake amerudi salama, ametangaza kwamba zamu imebadilishwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia ubaya. Lakini vipande hivyo vikikusanywa na mtu mmoja mwenye subira, huwa taarifa kamili ya kijasusi.

Wengine hujifariji kwamba WhatsApp imefungwa kwa kufuli. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe wake hufungwa njiani, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma. Lakini kufuli hilo hulinda njia, halilindi mwisho wa njia. Ujumbe ukifika kwa mtu wa pili, ni mali ya mtu wa pili. Kundi moja sasa laweza kuwa na watu zaidi ya 1,000. Hilo si baraza la siri. Ni uwanja wa mpira. Na wahenga walisema, penye kuku wengi usimwage mtama.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapa tumezungumza juu ya askari kama mtu anayeweza kudhuriwa. Lakini askari ni pia mtu anayeweza kudhuru, na historia tuliyoitaja inamgusa zaidi kwa upande huo. Orodha za mwaka 1972 hazikutembea zenyewe. Zilikuwa mikononi mwa watu wenye sare. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitaka tuwe na jeshi na polisi ambao Mrundi yeyote, awe Mhutu, Mtutsi au Mtwa, anaweza kuwakimbilia badala ya kuwakimbia. Imani hiyo ilijengwa kwa taabu. Yaweza kubomoka katika kizuizi kimoja cha barabarani.

Simu ya mwananchi ni nyumba yake. Ndani yake mna barua za mkewe, majina ya rafiki zake, madeni yake, maradhi yake, sala zake na maoni yake. Katiba ya mwaka 2018, kama ile ya mwaka 2005 iliyoitangulia, inalinda maisha ya faragha ya mtu na siri ya mawasiliano yake, na inataka upekuzi ufanyike kwa namna iliyowekwa na sheria. Tangu Machi 2022 nchi yetu ina sheria ya kupambana na makosa ya mitandao, na polisi wanayo kazi halali ya kuwasaka matapeli na wachochezi. Lakini Desemba 2024 mwandishi wa habari alihukumiwa mjini Bujumbura kifungo cha miezi 21 kwa kesi iliyotokana na maneno aliyoyaandika katika kundi la WhatsApp. Watu walijadili hukumu hiyo ndani na nje ya nchi, na kila mmoja alijifunza jinsi umbali ulivyo mfupi kati ya mazungumzo na gereza. Polisi mwenye busara hutambua kwamba mwananchi akiogopa simu yake mwenyewe, hatampigia polisi simu hiyo siku atakapomwona mwizi au muuaji. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Nchi hizo zimekubali kwamba jina na habari za mtu ni amana kwa anayezishika, awe ni kampuni au ni serikali.

Kwa hiyo wajibu wa askari una pande mbili, na upande mmoja hauwezi kusimama bila ya mwingine. Ajifunze kunyamaza juu ya kambi yake, kikosi chake na safari yake, na awafundishe hivyo mkewe na watoto wake. Asipige picha ya maiti, ya majeruhi, wala ya mtu aliyekamatwa ambaye bado hajahukumiwa, kisha akaitupa katika makundi ya simu kama mzaha wa jioni. Akipokea jina la mtu pamoja na tuhuma na mahali anapokaa, asilisukume mbele, bali alipeleke kwa mkubwa wake, maana hiyo si habari tena, ni orodha. Na akishika simu ya mwananchi bila ya amri ya sheria, akumbuke kwamba anafungua mlango ambao hakubisha hodi.

Hakuna anayesema tuzitupe simu. Kwazo mtu wa Buyenzi huzungumza na kaka yake aliye Uvira au Muscat, mgonjwa huitiwa gari usiku, na mkulima huuliza bei ya sokoni kabla hajabeba mzigo. Redio pia ililea watu wema na ikatumiwa na wauaji, nasi hatukuzivunja redio zetu. Tuliwahukumu waliozitumia vibaya. Kinachotakiwa ni nidhamu, na nidhamu ndiyo kazi ya askari. Yule karani wa miaka ya 1930 alijaza nafasi iliyo wazi bila ya kuuliza itatumiwa na nani baada yake. Sisi tumekwisha kuona ilitumiwa na nani. Hatuwezi kusema kwamba hatukujua.